Bamba la Kaboni Lisubiri Siku ya Mashindano

Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 15, 2025, vijana wanaoleta raba kibandani kwangu Mfaranyaki wamebadilisha swali. Zamani waliuliza kama soli itashika. Siku hizi kijana anaamkia, "Shikamoo fundi," kisha anakigeuza kiatu, anakigonga tumboni kwa kidole na kuuliza: "Hiki kina kaboni?" Simbu alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili, hata ikabidi picha ya mstari wa mwisho ndiyo iamue. Ushindi mwembamba namna hiyo humfanya mtu aamini kwamba kiatu ndicho kilichosogeza kifua. Kijana simlaumu. Ila jibu langu ni kwamba kwa mazoezi ya tempo, tena hapa kwetu Songea, kaboni ni kitu cha mwisho kukiangalia, na mara nyingi ni afadhali isiwemo kabisa.

Nasema hivyo kama fundi viatu, na kama mtu anayekimbia alfajiri na wenzake wa mtaani kabla ya kufungua kibanda. Viatu navijua kwa mlango wa nyuma: huletwa kwangu vikishachoka. Muuza duka hukiona kiatu siku ya harusi yake, mimi hukiona siku ya matanga.

Tempo, kwa asiyeijua, si jogingi na wala si mbio za kufa na kupona. Ni ile kasi ambayo siku ya mashindano ungeweza kuishikilia kwa muda wa saa moja hivi. Mazoezini unaishikilia kama dakika 20, ndivyo alivyoifundisha kocha Mmarekani Jack Daniels, au unaikata vipande vyenye mapumziko mafupi katikati. Ukiwa ndani ya tempo unaweza kumjibu mwenzako maneno mawili matatu, lakini soga hupigi. Mtu anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 40, tempo yake itakuwa kwenye dakika 4 na sekunde 10 kwa kilomita. Zoezi hili halifanywi mara moja ukaondoka. Linarudiwa wiki baada ya wiki, mvua na jua, kwa hiyo kiatu chake lazima kiwe chepesi kiasi cha kutokupunguza mwendo, na kigumu kiasi cha kufika mwisho wa msimu. Mambo hayo mawili hayapendani sana, na hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipo.

Hebu tukifungue kiatu chenyewe. Raba za bamba zikifa kabisa, wenyewe hawazitaki, nami huzipasua kwa kisu nione zilivyojengwa. Juu kuna kitambaa chembamba unachoweza kuona mwanga kupitia kwake. Chini yake kuna sponji nene, halafu katikati ya sponji, limebanwa juu na chini, ndipo linapokaa bamba la kaboni: jeusi, jembamba, limepinda mfano wa kijiko, limetanda tangu kisiginoni hadi vidoleni. Ukilishika pande mbili ujaribu kulikunja, halikubali. Sindano yangu ya kushonea haipiti hapo hata kwa dawa. Chini kabisa kuna mpira wa soli, na kwenye viatu vya mashindano mpira huo ni mwembamba na haukuenea, umebandikwa tu pale wenye kiwanda walipohesabu kwamba mguu utagusa. Viatu vingi vya aina hii vina mfereji au uwazi katikati ya soli, ambao kazi yake ni kupunguza gramu. Kumbukeni uwazi huo, nitaurudia.

Nike ndio waliouamsha ulimwengu kwa kiatu hiki. Vaporfly iliingia madukani mwaka 2017, baada ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado kuwapima wakimbiaji 18 na kukuta kwamba kwa wastani kinapunguza nguvu inayotumika kwa asilimia 4. Mei mwaka huohuo Eliud Kipchoge alikimbia marathoni pale Monza, Italia, kwa saa 2 na sekunde 25. Oktoba 2019 kule Vienna akaenda chini ya saa 2, saa 1:59:40, ingawa haikuhesabiwa kuwa rekodi. Marehemu Kelvin Kiptum akaweka rekodi ya saa 2:00:35 Chicago, Oktoba 2023, na wiki mbili kabla ya hapo mwanamke Muethiopia, Tigst Assefa, alikuwa amekimbia Berlin kwa saa 2:11:53 akiwa na kiatu cha Adidas chenye uzito wa gramu 138, kilichouzwa dola 500. Mwaka 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia lilishaona mambo yanakwenda kasi, likaweka mpaka: kwa mbio za barabarani soli isizidi milimita 40, na bamba lisizidi moja.

Vijana wanazijua habari hizi kuliko mimi. Wasichokijua ni kwamba bamba linapewa sifa ambayo si yake yote. Watafiti wa Massachusetts walifanya kazi ambayo mimi naiita ya kifundi hasa: walichukua Vaporfly, wakalikata bamba lake mara sita kwa upana upande wa mbele ili lisiwe na ukakamavu, kisha wakawarudisha wakimbiaji kwenye mashine. Tofauti kati ya kiatu kizima na kile kilichokatwa ilikuwa kama nusu ya asilimia tu, ndogo kiasi kwamba hawakuweza kuitofautisha na bahati. Faida kubwa imo kwenye sponji. Ile ya Vaporfly ilirudisha asilimia 87 ya nguvu iliyokandamizwa ndani yake, wakati kiatu cha zamani cha mashindano walichokilinganisha nacho kilirudisha kama asilimia 66. Bamba linasaidia sponji hiyo laini isiyumbe, na linapunguza kazi ya vidole na kifundo. Kwa upande wa kuongeza mwendo, ni msaidizi wa sponji.

Sasa tuje mtumbani, maana tusidanganyane, Songea hii wengi wetu raba tunazipata mtumbani. Kiatu cha dola 250 ni zaidi ya shilingi laki sita. Ukihesabu gunia la mahindi la kilo 100 kwa elfu sabini, hiyo ni kama magunia tisa miguuni mwa mtu mmoja. Kwa hiyo kijana anasubiri belo lifunguliwe, anaona maandishi anayoyajua, anagonga tumbo la kiatu, anasikia ugumu, anatoa hela. Anachonunua ni mfupa ulioachwa na nyama. Sponji hizi za kisasa huwahi kufa. Watafiti wa Hispania walizilinganisha na sponji ya kawaida, ile ya EVA iliyo kwenye raba nyingi, wakakuta mpya ina faida ya wazi, lakini baada ya kilomita 450 faida ile imekwisha. Na kiatu kikifika kwetu kimeshavaliwa na mtu wa Ulaya au Marekani hadi akakichoka. Bamba lenyewe limebaki gumu vilevile. Basi unapata ukakamavu wote, ulaini hamna, na wayo ndio unaobeba tofauti.

Namna ya kukijua kiatu kilichokufa ni rahisi, na haihitaji fundi. Kiweke juu ya meza iliyonyooka, ukitazame kwa nyuma: kikilala upande mmoja, achana nacho. Bonyeza sponji kwa dole gumba pale chini ya kisigino na chini ya mzizi wa kidole kikubwa. Iliyo hai inazama na kurudi hapohapo, iliyokufa inazama na kuchelewa, au haizami kabisa. Tazama mikunjo ubavuni mwa sponji: ikiwa mingi na ya kina, kama paji la uso la mzee, kiatu kimeshafanya kazi yake. Mwisho kikunje kidogo karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kukwaruza au kupasuka, bamba limeachana na gundi au limeshavunjika ndani, na hapo hakuna fundi atakayekusaidia, mimi nikiwa wa kwanza kukataa hela yako.

Wapo wanaoniambia, "Fundi, weka mpira wa tairi chini, kitadumu." Kitadumu kweli, ila tempo itakuwa imekwenda na maji. Watafiti walewale wa Colorado waliwahi kuficha vipande vidogo vya risasi, yale madini mazito, ndani ya viatu vya wakimbiaji bila wenyewe kujua. Kila gramu 100 zilizoongezwa kwenye kila kiatu ziliwachelewesha kwa karibu asilimia 0.8 kwenye mbio za mita 3,000. Kipande cha tairi ni kizito. Ukikibandika chini ya kiatu kilichonunuliwa kwa ajili ya wepesi wake, umelipia wepesi halafu umenilipa mimi niuondoe.

Barabara ndiyo hoja yangu kubwa, na inashangaza kwamba hakuna anayeiulizia. Viatu vya kaboni vimetengenezwa kwa ajili ya lami ya Berlin na Chicago. Sisi tukitoka Mfaranyaki tuna lami, ndiyo, lakini lami ina malori, bajaji na bodaboda ambazo alfajiri hazina taa. Mkimbiaji mwenye akili anatafuta vumbi, na kuelekea Matogoro, kule Mto Ruvuma unakoanzia, vumbi lipo la kutosha. Kiangazi ardhi nyekundu inakuwa na kokoto zinazoteleza juu yake kama punje za mahindi sakafuni. Kuanzia Desemba mvua zikishika, ardhi ileile inageuka tope la kunata. Sasa kumbukeni ule uwazi katikati ya soli. Kokoto moja ikiingia mle inakwama, na kila hatua inalisukuma bamba kutoka chini. Tope likiingia linajaa, kiatu cha gramu 200 kinarudi nyumbani na uzito wa buti. Nimechokonoa mawe kwenye mifereji hiyo kwa bisibisi mara nyingi, na mara nyingi nimekuta sponji ya pembeni imeshachanika.

Kisha kuna kuyumba. Ukisimama juu ya soli ya karibu milimita 40, nyembamba kisiginoni, unahitaji ardhi isiyokugeuka. Njia zetu zina makorongo madogo yaliyochimbwa na maji ya mvua na alama za matairi zilizokauka. Bamba halipindi kufuata ardhi; likikanyaga jiwe upande mmoja, mguu wote unainama upande wa pili. Kifundo kinalipa.

Kuhusu kasi nitasema waziwazi, hata kama baadhi ya wenzangu wa kundi la asubuhi watanuna. Wengi wetu tempo yetu ni dakika 5 hadi 6 kwa kilomita. Watafiti wa Marekani walipima viatu hivi kwenye mwendo wa aina hiyo. Kwa kilomita 12 kwa saa, yaani dakika 5 kwa kilomita, faida ya wastani ilikuwa asilimia 1.4. Kwa kilomita 10 kwa saa ilishuka hadi asilimia 0.9, na wapo walioenda vibaya zaidi kuliko kwa viatu vya kawaida. Na msidhani wenye kasi wote wanafaidika sawasawa. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya wakimbiaji saba wa Kenya wa kiwango cha dunia: kulingana na mtu na kiatu, kulikuwa na nafuu ya asilimia 11.4 upande mmoja, na hasara ya asilimia 11.3 upande mwingine. Kiatu kilekile kinachompaisha huyu kinaweza kumrudisha nyuma yule. Binti yangu aliponisomea makala hiyo kwenye simu nilimwambia arudie tarakimu, nikidhani ameruka mstari.

La kuumia nalisema kwa tahadhari, kwa sababu ushahidi wake bado ni mdogo. Madaktari waliandika mwaka 2023 juu ya wakimbiaji watano waliopata nyufa kwenye mfupa mdogo ulio juu ya uvungu wa wayo, baada ya kutumia viatu vya bamba la kaboni. Watu watano hawatoshi kuhukumu. Lakini ule ni mfupa mbaya kuumia, haupati damu ya kutosha na huchelewa kupona, na kijana wa miaka 17 ambaye mguu wake umezoea kukanyaga peku hana sababu ya kuuweka rehani kila wiki kwa ajili ya zoezi.

Basi avae nini? Akiwa na uwezo wa kununua kipya, atafute kiatu cha gramu 200 hadi 250 hivi ambacho, kama lazima kiwe na bamba, basi bamba lake liwe la nailoni, linalopinda kidogo. Saucony Endorphin Speed, iliyoanza mwaka 2020, ni ya aina hiyo. Adidas walitoa Boston 12, ambayo badala ya bamba ina fito za nyuzi za kioo, na ni nzito kidogo, lakini mpira wake wa chini unaeleweka. Wana pia Evo SL, ambayo ndani haina bamba la kaboni, inategemea sponji nzuri, na ndiyo ambayo ningempa mwanangu kama hela ingekuwapo. Hata hivyo jina lisikutangulie. Geuza kiatu utazame mpira: umeenea mbele na kisiginoni? Una meno, hata madogo? Uwazi wa katikati umezibwa? Kisigino ni kipana kama sponji iliyo juu yake au zaidi? Kiatu kikijibu ndiyo, hicho ni cha Songea.

Upana wa mbele usisahaulike. Watu tuliokua peku tuna vidole vilivyotawanyika, na viatu vya mashindano vimechongwa kwa miguu myembamba. Kijana anavumilia kwa sababu kiatu ni kizuri, mwezi haujaisha kitambaa kimetoboka pale kwenye kidole kidogo, ananiletea niweke kiraka. Kiraka nikiweka, kinakwangua ngozi. Jaribu kiatu jioni mguu ukiwa umevimba, ukiwa na soksi utakayokimbilia, na uache nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu.

Kwa anayenunua mtumbani nasema asiogope raba ya kawaida nyepesi isiyo na bamba, ya sponji ya EVA. Haina miujiza, lakini haijapoteza kitu kikubwa kwa sababu haikuwa nacho. Inakunjika na mguu, inashika vumbi, na mimi nikiwa na gundi na uzi naweza kuirudisha barabarani. Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, miaka 28 kabla ya Vaporfly kufika dukani. Gabriel Geay aliishusha rekodi ya taifa hadi saa 2:03:00, kule Valencia mwaka 2022, na sitabisha kwamba viatu vya zama hizi vina sehemu yao katika dakika zile tano. Ninachobisha ni kudhani kwamba sehemu hiyo inapatikana siku ya tempo. Siku ya tempo unajenga mapafu na misuli itakayokivaa kiatu hicho baadaye.

Kuna mfadhili mmoja, simtaji, aliyewahi kukisaidia kikundi cha vijana kwa moyo mweupe. Alileta viatu vya kaboni vinavyong'aa, jozi chache, namba zote kubwa. Walivivaa kwa zamu, kwenye mazoezi, kwenye tope. Siku ya mbio zenyewe ilipofika, viatu vilikuwa vimeshafika kwangu. Fedha ileile ingewatosha wote raba nyepesi za mazoezi, ikabaki ya jozi mbili tatu za lami kwa wale wenye nafasi ya kushinda. Wanaoandaa mbio hapa mjini, na wanaonunua vifaa vya timu za shule kwa ajili ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wangemuuliza kwanza mwalimu wa michezo njia ya mazoezi inapita wapi, ndipo waende dukani.

Na kwa mwenye kiatu cha kaboni kizima tayari, simwambii akiuze. Akiweke. Wiki tatu hivi kabla ya mashindano akivae kwenye tempo moja, ya lami, asubuhi ya Jumapili magari yakiwa machache, ili mguu ukizoee. Akirudia wiki inayofuata yatosha. Wakati wa kwenda na kurudi, ile kilomita ya kupasha na ya kupoza, avae raba yake ya kila siku na kiatu akibebe mkononi. Akifika nyumbani akifute kwa kitambaa chenye maji baridi, atoe soli ya ndani, akiache kivulini kikauke. Asikianike juu ya bati, maana joto la bati mwezi wa kumi linaachanisha gundi, na bamba likishaachana na sponji sina dawa yake.